Anza na mipira 300: namna ya kuchagua kikosi cha kriketi cha siku moja na nahodha wake

Jirani yangu wa barazani, hapa Ngamiani, Tanga, ana kikosi chake cha Taifa. Amekiandika mgongoni mwa boksi la sigara, majina 11, na kila kikombe cha pili cha kahawa hukitoa mfukoni akakisoma kwa sauti. Wiki iliyopita nilimwomba anionyeshe. Wapigaji saba, mlinda wiketi mmoja, warushaji watatu. Nikamuuliza, "Shemeji, ova 20 zilizobaki atazirusha nani, muuza kahawa?" Muuza kahawa akacheka, akasema mkono wake umezoea dele tu.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yake, na kwa yeyote atakayekalia kiti cha mteuzi, uwe wa shule, wa mkoa au wa Taifa. Mifano yangu mingi ni ya timu za Taifa kwa sababu ndizo zinazobishaniwa, na kwa sababu ova 50 si mchezo wa kuuona kwenye runinga tu tena. Tanzania tumepangwa kwenye Challenge League ya 2024 hadi 2026, moja ya ngazi za chini za kusaka Kombe la Dunia, kundi moja na Uganda, Hong Kong, Italia, Bahrain na Singapore, na vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza Kombe lao la Dunia, lile la 2026 la Zimbabwe na Namibia.

Tuelewane kwanza kwa maneno. Mpigaji ni mwenye beti (wengine husema gongo, lakini hapa Tanga ukitangaza kwamba vijana wako uwanjani na gongo, utaitiwa polisi). Mrushaji ni anayempelekea mpira. Kiraka, kama kwenye soka, ni mtu wa kazi zote mbili. Mdakaji ni mwenzake mrushaji anayeusubiri mpira uwanjani. Wiketi ni vile vijiti vitatu nyuma ya mpigaji, na tukisema wiketi imeanguka, mpigaji ametolewa. Pichi ni ule ukanda wa katikati wanapokutana mpigaji na mrushaji. Ova ni mipira 6, na mikimbio ndiyo magoli yetu.

HATUA YA 1: Hesabu mipira kabla ya majina

Nunua daftari la hesabu, lile la visanduku. Tenga visanduku 50 kwa mstari. Kila kisanduku ni ova moja, jumla mipira 300. Sasa andika ndani ya kila kisanduku jina la atakayeirusha ova hiyo, ukikumbuka mambo mawili: mtu harushi ova mbili mfululizo, na kwa siku nzima hapiti ova 10.

Utagundua mara moja kwamba huwezi kumaliza na watu wanne. Watano ndio kima cha chini, na ukiwa nao watano kamili umejifunga mwenyewe, maana siku mmoja wao akipigwa kila upande huna pa kumficha. Mimi sikubali kikosi kisicho na warushaji sita, na wa saba awe mtu ambaye mkono wake haumtii aibu akiitwa kwa ova mbili tatu.

Walioidharau hesabu hii si watu wa barazani peke yao. Tarehe 23 Juni 1979, uwanja wa Lord's, London, ilichezwa fainali ya Kombe la Dunia kati ya Uingereza na West Indies. Enzi hizo mechi ilikuwa ova 60 na kila mrushaji alikuwa na haki ya ova 12. Uingereza waliingia na warushaji wanne wa kazi. Zile ova 12 za mtu wa tano wakagawana Boycott, Gooch na Larkins, watu waliochaguliwa kwa ajili ya kupiga. Zilitoa mikimbio 86. Viv Richards alimaliza na 138 bila kutolewa, West Indies wakafika 286, na mwisho wa siku Uingereza walifungwa kwa tofauti ya 92. Mikimbio 86 iliyotoka kwenye mkono wa mrushaji asiyekuwepo! Kila ninapoketi kuchagua timu, hiyo 86 naiandika juu ya ukurasa wa kwanza.

Rudi kwenye visanduku. Ova 10 za mwanzo, wadakaji 2 tu ndio wanaoruhusiwa kusimama nje ya duara, lile lililochorwa kuizunguka pichi. Kuanzia ya 11 hadi ya 40 wanaruhusiwa 4, na 10 za mwisho 5. Kwa hiyo visanduku vya mwanzo vinataka watu wanaoupindisha mpira mpya na wasioogopa kupigwa juu ya vichwa vya wadakaji. Vya katikati ni vya spini, wanaouzungusha mpira polepole kwa vidole, na vya wale warushaji wa kasi ya wastani wanaochosha kuwatazama, ambao mpigaji hujikuta amecheza ova nne na kupata mikimbio 13. Vya mwisho ni vya mtu mwenye moyo mgumu, anayeweza kuutua mpira kwenye vidole vya miguu ya mpigaji mara tano katika sita, huku akijua ule wa sita utaenda barabarani. Ukifika kisanduku cha 44 ukakuta huna jina la kuandika, huna timu bado. Endelea kutafuta.

Mgawanyo ninaoanza nao ni warushaji watatu wa kasi, wawili wa spini na kiraka mmoja. Ukimpata wa kasi anayerusha kwa mkono wa kushoto, mpe alama ya ziada, kwa sababu wapigaji wengi hawakulelewa kwenye pembe ile. Na kwa sisi wa pwani kuna kazi moja isiyo na shukrani: upepo wa kusi ukivuma, lazima mtu mmoja arushe kwa kuukabili. Mtafute mapema, muulize kama anaikubali. Wengi husema ndiyo, halafu ova ya tatu wanaanza kushika kiuno.

Tahadhari kuhusu mkeka. Viwanja vyetu vingi tunachezea mkeka uliotandikwa juu ya saruji, ambapo mpira huruka na spini hushika vizuri. Kijana anayeonekana mchawi pale anaweza kuwa mtu wa kawaida kabisa akienda kwenye pichi ya nyasi nje ya nchi. Kabla hujamwandika, muulize aliyewahi kumwona akirusha kwenye nyasi. Kama hayupo, mpeleke Dar es Salaam siku mbili akajaribiwe huko.

HATUA YA 2: Nani anaruhusiwa, nani anaweza kusafiri

Hapa pitia haraka, lakini usiruke. Kwa kanuni za ICC, baraza la kriketi la dunia, mchezaji huichezea nchi aliyozaliwa, au ambayo ni raia wake, au aliyoifanya makazi yake ya kudumu kwa miaka 3. Kagua karatasi kabla hujampenda mtu.

Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita na zaidi. Mwajiri awe ametoa ruhusa kwa maandishi, maana wengi wa wachezaji wetu ni watu wa kazi: kuna wa bandarini, wa dukani kwa baba yake, mwalimu. "Bosi amekubali" ya mdomoni haipandi ndege.

HATUA YA 3: Watazame kwenye mechi, na usome namba kwa jicho la ova 50

Kwenye neti, vile vizimba vya nyavu vya mazoezi, kila mtu ni mfalme. Hakuna mdakaji, hakuna mbao za alama, hakuna jua la saa nane. Neti itumie kuona ufundi, lakini jina liandikwe kwa yale uliyoyaona kwenye mechi. Vivyo hivyo na vijana wa mpira wa tepu, ule wa tenisi uliozungushiwa gundi. Wana macho makali na mikono mepesi, na mimi nawapenda, ila mpira wa ngozi una uzito wa karibu gramu 160 na unauma. Mpe kijana wa tepu mechi tatu za mpira mgumu, akipigwa mbavuni mara moja utazame mguu wake wa mbele baada ya hapo unaenda wapi.

Sasa namba. Chukua wapigaji wawili wa kubuni, mechi 10 kila mmoja. Wa kwanza amepata mikimbio 400 na ametolewa mara 8, hivyo wastani wake ni 50. Wa pili amepata 340 na ametolewa mara 10, wastani 34. Barazani mjadala umekwisha, wa kwanza ameshaingia. Lakini fungua karatasi za alama uhesabu mipira. Wa kwanza alitumia mipira 640, yaani kwa kila mipira 100 anakuletea mikimbio 62 na nusu. Wa pili alitumia 340, mmoja kwa mmoja. Timu nzima ikicheza kwa mwendo wa wa kwanza, mipira 300 itazaa kama 188. Ikicheza kwa mwendo wa wa pili itazaa 300.

Simwachi wa kwanza. Namchukua, mmoja. Wawili wa aina yake wakikutana pale katikati ni balaa, na ushahidi upo kwenye fainali ileile ya Lord's. Wakitafuta 287, Brearley na Boycott walifungua kwa ushirikiano wa mikimbio 129. Ukisikia hivyo unapiga makofi. Tatizo ni kwamba walipoachana zilikuwa zimeshakwenda ova 38 kati ya 60. Waliofuata wakalazimika kupiga kila kitu, wakaanguka kama maembe ya Muheza wakati wa upepo, wote nje kwa 194.

Hata hivyo usiwe mtumwa wa kasi. Kuna viwanja ambavyo 180 ni mali. India walichukua Kombe la Dunia la 1983 kwa kupata 183 tu kwenye fainali, wakawatoa West Indies kwa 140. Na hawangefika huko kama Kapil Dev asingepata 175 bila kutolewa dhidi ya Zimbabwe, India ikiwa imeshapoteza wiketi 5 kwa mikimbio 17. Kwa hiyo pembeni ya kila alama andika tatu: ilipatikana dhidi ya nani, kwenye pichi gani, na timu ilikuwa na hali gani alipoingia. Arobaini ya mtu aliyeingia wiketi 4 zikiwa zimeanguka kwa 30 ina uzito kuliko tisini ya mtu aliyewakuta warushaji wamechoka.

Kwa mrushaji, tazama mikimbio anayotoa kwa ova, lakini tenganisha ova zake za mwanzo, za katikati na za mwisho. Anayetoa 4 kwa ova kwa sababu hurusha katikati peke yake asilinganishwe na anayetoa 6 akiwa mtu wa ova ya 48.

Halafu kuna kalenda yetu. Usimpime mrushaji wa kasi alasiri ya Ramadhani, amefunga, koo limekauka, kisha uandike "hana pumzi." Niliwahi kukaa kamati moja na mzee aliyefanya hivyo, na kijana yule baada ya Idi alikuwa mtu mwingine. Mechi ya Ijumaa ipangwe ipite swala. Na majaribio usiyaweke katikati ya masika ukitarajia uwanja ukauke kwa dua.

HATUA YA 4: Wapange kwa kazi zao

Ukishakuwa na warushaji, nafasi za wapigaji zinabaki chache, na ndivyo inavyotakiwa. Wafunguaji wawili: mmoja awe na ruhusa ya kushambulia wadakaji wakiwa wamebanwa ndani ya duara. Sri Lanka mwaka 1996 waliwatuma Jayasuriya na Kaluwitharana kufanya hivyo, wakati ambapo wengine bado waliamini mwanzo ni wa kujihifadhi, na wakarudi nyumbani na kombe. Namba 3 ni yule wa wastani wa 50 niliyemsema. Namba 4 na 5 wawe wezi wa mikimbio mmojammoja, wanaocheza spini kwa miguu na sio kwa kufumba macho. Namba 6 na 7, viraka, ndio wa kumalizia.

Mmoja kati ya wanne wa juu akiwa mashoto ni neema. Kila wakibadilishana upande, wadakaji wote wanahama na mrushaji anapoteza mstari. Ila usimwingize mashoto dhaifu kwa sababu ya mkono wake.

Mlinda wiketi. Nitasema kwa kifupi kwa sababu msimamo wangu haubadiliki: glavu kwanza. Mtu anayekosa nafasi mbili za kumtoa mpigaji hodari hazilipi kwa mikimbio yake 25. Lakini wawili wakilingana kwa glavu, chukua anayepiga, usione haya.

HATUA YA 5: Mikono na miguu

Mtihani wangu wa udakaji ni wa bei ya chini. Saa kumi na moja jioni, jua limelala na kumwingia mtu machoni. Kila mmoja anapata mipira 10 ya juu na 10 ya ardhini, kisha anarusha mara 5 kulenga kijiti kimoja kutoka mita 25.

Jioni moja nilikuwa na vijana wawili waliogombea nafasi moja. Wa kwanza alidaka 9 kati ya 10 za juu. Wa pili, mtoto wa Makorora, mwembamba kama mpini wa jembe, alikosa mitatu ya kwanza mfululizo na wenzake wakaanza kumzomea. Nikaacha kutazama mikono, nikatazama miguu. Yule wa Makorora alikuwa akipiga hatua mbili za mbele kabla hata mpira haujapigwa, na kila alipoukosa alikuwa ameshageuka na kuukimbilia kabla haujadunda mara ya pili. Aliurudisha kwenye glavu kwa mdundo mmoja. Yule wa 9 kati ya 10 alisubiri mpira umjie. Ulipompita, alisimama akatazama nani mwingine ataufuata.

Nilimchukua wa Makorora. Mikono tuliifundisha kwa mpira wa tenisi uliolowa maji, ukutani, wiki sita. Miguu ile nyingine sikujua nianzie wapi.

Kama kuna mwenzako kwenye kamati anayeona udakaji ni pambo, mkumbushe Jonty Rhodes. Mwaka 1993, Afrika Kusini dhidi ya West Indies, alidaka watu 5 katika mechi moja bila kuvaa glavu za mlinda wiketi. Nusu ya timu.

HATUA YA 6: Waliobaki benchi

Kombe la Dunia unabeba wachezaji 15. Kosa la kawaida ni kuchukua 11 wazuri, halafu 4 wa kufurahisha watu: mmoja wa mkoa huu, mmoja wa klabu ile, mtoto wa fulani. Fanya hivi: andika majina ya 11, mbele ya kila jina andika nani anaingia akiumia. Kila wa benchi ajitokeze angalau mara mbili kwenye orodha hiyo. Asiyejitokeza hata mara moja ni mtalii. Na ikiwa mwanao au mpwa wako yumo kwenye majina yanayojadiliwa, toka nje ukanywe chai mpaka waite.

Wakati mwingine nafasi ya benchi ni ya kamari, na kamari inaruhusiwa ukiijua bei yake. Mwaka 2023 Travis Head wa Australia alivunjika mkono muda mfupi kabla ya Kombe la Dunia. Wateuzi wakambakisha kwenye 15, wakijua watacheza nusu ya kwanza ya mashindano wakiwa na mtu mmoja pungufu. Aliporudi alipata 109 mechi yake ya kwanza, dhidi ya New Zealand, na kwenye fainali akapata 137. Lakini angalia: walimngoja mtu wa kushinda fainali. Kwa mchezaji wa kawaida, mkono uliovunjika ni mkono uliovunjika.

HATUA YA 7: Nahodha

Kwanza kikosi, halafu nahodha. Najua wapo wanaoanza na nahodha, na wana mfano wao: Uingereza walimvumilia Mike Brearley, huyohuyo wa ova 38, ambaye katika mechi 39 za Test, zile za siku tano, wastani wake ulikuwa 22.88 na hakufikisha 100 hata mara moja, kwa sababu kichwa chake kilikuwa kinashinda mechi. Wao walikuwa na akina Botham na Willis wa kubeba pengo. Sisi tukimweka mtu asiyestahili ndani ya 11, tumebaki 10.

Basi chukua 11 wako, uwaondoe wote ambao nafasi zao ziko mashakani. Watabaki watatu au wanne. Hao ndio wagombea, na kila mmoja apewe mechi moja ya mazoezi ya ova 50 aiongoze. Usiwaambie ni mtihani. Watajua, lakini usiwaambie.

Wewe kaa karibu na meza ya alama na daftari. Andika vitu vichache tu. Mdakaji alihamishwa kabla mpigaji hajapata nne (mpira kufika mpakani) kwa upande ule, au baada? Kuufuata mpira kwa mdakaji ni kufunga mlango wa banda kuku ameshatoka. Mrushaji alipopigwa sita (mpira kuvuka mpaka hewani), nani alimwendea, na alimwambia neno au alimpigia makofi ya mbali? Na ova ya 30 ilipokwisha, nahodha alijua kila mrushaji amebakiza ngapi bila kuuliza?

Hilo la mwisho kwangu ndilo kubwa, na nimelijua kwa kuungua. Mwaka mmoja nilimpa unahodha wa timu ya vijana mpigaji wetu bora. Kijana mzuri, mtaratibu, wenzake wanampenda. Tuliingia na warushaji watano. Mmoja aliteguka kifundo baada ya ova 6, akatoka. Ova zake 4 zilitakiwa zifichwe mapema, mahali fulani kati ya ya 20 na ya 30, wapigaji wakiwa bado wanasomana, zirushwe na mtu yeyote mwenye mkono. Nahodha wangu akawapa walewale wanne waliokuwa wakifanya vizuri, na kila wiketi ilipoanguka nilimpigia makofi na mimi. Ova ya 46 ikaisha. Akageuka kulia, akageuka kushoto, kisha akaitazama meza yetu. Akainua kiganja kitupu. Alikuwa ananiuliza mimi, mita 70 kutoka pale, nani amebakiza ova. Hakuna aliyebakiza. Nne za mwisho zilirushwa na wapigaji wawili, mmoja mara ya mwisho kurusha alikuwa shule ya msingi, zikatoa 47, na mechi ikatutoka. Kijana alilia. Aliyestahili kulia alikuwa mteuzi aliyechagua watano na nahodha asiyehesabu.

Wakubwa nao huteleza kwenye hesabu. Kombe la Dunia la 2003, lile ambalo Kenya ya Steve Tikolo ilifika nusu fainali, wenyeji Afrika Kusini walikuwa Durban wakicheza na Sri Lanka mvua ikinyemelea. Mvua ikikata mechi, matokeo yaliamuliwa kwa jedwali la Duckworth na Lewis (siku hizi huitwa Duckworth-Lewis-Stern). Mark Boucher alimpiga Muralitharan sita, akaamini wamefika, mpira uliofuata akauzuia tu, na waamuzi wakawatoa watu uwanjani. Namba waliyokuwa nayo ilikuwa ya sare, sio ya ushindi. Walihitaji mkimbio mmoja zaidi. Wakatolewa mashindanoni nyumbani kwao, na nahodha Shaun Pollock akapoteza unahodha, ukaenda kwa Graeme Smith wa miaka 22. Kwa hiyo mwulize mgombea wako, siku ya mawingu, jedwali linasemaje ova hii. Akijibu "kocha anajua," mrudishe kwenye orodha ya wachezaji.

Mrushaji, mpigaji au mlinda wiketi? Mrushaji wa kasi ana hatari mbili, ya kujirusha kupita kiasi na ya kujionea haya, ingawa Pat Cummins alilibeba kombe la 2023. Kwenye fainali ile Ahmedabad alishinda kura ya shilingi akachagua kurusha kwanza mbele ya maelfu ya Wahindi waliodhani amechanganyikiwa. India wote nje kwa 240. Mimi nikiachiwa, nampendelea mlinda wiketi, kwa sababu anaona kila mpira kutoka nyuma ya vijiti na hahitaji kuulizia kama spini inashika. Dhoni wa India aliongoza akiwa pale. Lakini mlinda wiketi asiyejua kuhesabu simtaki pia.

Lugha nayo ni kazi. Timu yetu ina wanaoongea Kigujarati nyumbani, wanaoongea Kisambaa, na wasioongea chochote kabla ya saa nne asubuhi. Nahodha awe anakula meza zote. Uwanjani aamuru kwa Kiswahili, wapinzani wa mbali hawatajua mdakaji anahamia wapi. Tukicheza na Kenya, atafute ishara za vidole.

Msaidizi wake asiwe rafiki yake. Awe yule wa pili kwenye daftari lako, mwenye ujasiri wa kumwendea ova ya 35 na kumwambia, "Kaka, fulani amebakiza mbili tu."

HATUA YA 8: Kutangaza

Orodha isitoke kwa kuvuja kwenye kundi la Wasapu saa tano usiku. Kabla haijabandikwa, kutana ana kwa ana na kila aliyekuwa kikosini mara iliyopita na sasa hayumo. Dakika kumi zinatosha. Usimwambie "jipange upya," maneno hayo hayana kitu ndani. Mwambie kwa namba: ova zako za mwisho zimetoa 9 kila moja, namtaka mtu wa 7. Atanuna, lakini atajua aende nazo wapi neti.

Ukishabandika, weka simu kwenye chaji. Mama wa yule wa 16 atapiga kabla ya isha. Pokea, msalimie, msikilize mpaka amalize, kisha mwambie alichopungukiwa mwanawe na tarehe utakayokwenda kumtazama tena. Tarehe hiyo iandike kwenye lile daftari la visanduku, na uende.